Mama, hiyo ni ngozi!

“Daktari, huyu alishapasuliwa uzazi wa kwanza, kwa hiyo sasa tunapanga tarehe tu.” Anayesema si mjamzito, ni mama mkwe. Mjamzito mwenyewe anaitikia kwa kichwa. Ni mara ya tatu wiki hii, nami nimechoka.

Kanuni hiyo, kwamba aliyepasuliwa mara moja atapasuliwa kila uzazi, aliitamka daktari wa uzazi Edwin Cragin kule New York mwaka 1916, enzi ambazo kizazi kilichanwa wima. Kovu la wima uchungu unaweza kulifumua, na hadi leo kwa mwenye nalo hatungoji uchungu uanze. Siku hizi kwa kawaida tunachana kwa kukingama, sehemu ya chini ya kizazi. Kovu hili hufumuka kwa takribani mwanamke 1 kati ya 200 wanaojaribu njia ya kawaida, na wanaofanikiwa ni 60 hadi 80 katika kila 100. Aliyewahi kuzaa kwa njia hiyo ana nafasi nzuri zaidi.

Sasa kinachoniudhi. Nikiuliza kizazi kilichanwaje, nafunuliwa tumbo: “Si unaona, mlalo.” Mama, hiyo ni ngozi! Ngozi inaweza kuchanwa mlalo, kizazi ndani kikachanwa wima, hasa kama mtoto alikuwa njiti au alikuwa amekingama. Kinyume chake pia hutokea. Jibu limo kwenye maelezo ya upasuaji, karatasi ambayo karibu hakuna anayeiomba anaporuhusiwa kwenda nyumbani. Iombe! Isipokuwepo, nabaki kuhoji kama mpelelezi: mimba ilikuwa na wiki ngapi? Uchungu ulikuwa umeanza? Walisema wanakupasua kwa nini?

Wengine hupima unene wa kovu kwa utrasaundi. Nikiletewa jibu la milimita 2, nakiri, hunisaidia kidogo mno. Hakuna kipimo ambacho sote tumekubaliana kwamba chini yake usijaribu.

Kisu cha pili nacho si mteremko. Kila upasuaji unaongeza uwezekano wa kondo la nyuma la mimba ijayo kujichimbia kwenye kovu, na hapo damu haina mzaha. Anayetaka watoto wanne alipigie hesabu hilo mapema. Anayejaribu njia ya kawaida naye ajaribu penye chumba cha upasuaji kilicho tayari saa zote.

Mama mkwe akaniuliza mimi ningemchagulia ipi. Nikamwomba atupishe kidogo, nimsikie mwenye tumbo.