Kliniki ya kabila bila moshi: sigara itoke, tumbaku ya ibada iheshimiwe

Ukikuta vipisi vya sigara vimezagaa mlangoni kwa kliniki ujue hapo wagonjwa wanapita kwenye moshi kabla hata hawajafika mapokezi, mama mjamzito kapita, mtoto wa pumu kapita, mzee wa moyo kapita, na wote hao wamefuata afya. Leo naongelea kliniki za makabila ya wenyeji asilia wa Marekani, wale tuliofundishwa shuleni kuwaita Wahindi Wekundu (hilo jina tuliache jamani, mtu aitwe kwa kabila lake, Mnavajo, Mhopi, Mlakota, Mojibwe). Waswahili wengi mko Marekani kwenye unesi na kazi za kuhudumia wagonjwa, kuna siku utajikuta umepangiwa kazi huko, na usipoelewa mambo ya tumbaku kwao utamkosea mtu bila kujua.

Kwanza ujue kliniki hizi zinaendeshwaje. Yako makabila zaidi ya 570 yanayotambuliwa na serikali kuu ya Marekani, na afya yao iko chini ya shirika linaloitwa Indian Health Service lililoanza 1955, ila sheria ya 1975 iliwapa makabila ruhusa kuchukua hela za shirika hilo na kuendesha kliniki wenyewe. Sasa kabila lina mamlaka yake juu ya ardhi yake, kwa hiyo sheria ya jimbo ya kukataza sigara ndani ya majengo kwa kawaida haifiki pale, mpaka baraza la kabila lenyewe likae lipitishe. Wapo wanaoona huo ni udhaifu, mimi naona ni nguvu kabisa, maana katazo lililotoka kwa wazee wenu linasikilizwa tofauti na la afisa aliyekuja na gari asubuhi akaondoka jioni.

Halafu kuna hili ambalo wageni wengi wanalikosea. Kwa makabila mengi tumbaku ni kitu kitakatifu. Waojibwe wanaiita asemaa, mtu anaiweka chini au majini akiwa anaomba, anampa mzee akienda kutafuta ushauri, na hata ikichomwa kwenye kiko cha ibada kwa kawaida moshi hauvutwi mpaka mapafuni. Hata kwetu kuna sehemu wazee wanatumia ugoro kwenye tambiko, kwa hiyo tunaelewa. Shida ilikuja pale serikali ya Marekani kuanzia miaka ya 1880 ilipopiga marufuku ibada zao nyingi, na sheria ya kulinda uhuru wa dini zao ikaja kutoka 1978, karibu miaka mia nzima watu wanaficha dini yao, na sigara ya dukani ikaingia palepale kwenye pengo, tena makampuni yakachora machifu na manyoya kwenye pakiti ili ionekane ni yao. Leo wenyeji asilia ndio wanaovuta sigara kwa kiwango kikubwa kuliko kundi lolote la rangi Marekani. Hiyo inaniuma, maana kitu cha sala kimegeuzwa kuwa kitu cha kuzikia watu.

Kwa hiyo bango la kliniki lisiandikwe tu "hakuna tumbaku", andika "hakuna sigara za biashara". Maneno yanaonekana madogo ila mzee akisoma la kwanza anaona dini yake imefukuzwa tena. Ila na hapo angalia ni kabila gani, maana Alaska tumbaku haikuwa mila yao, ililetwa na wafanyabiashara, na kule delta ya Yukon-Kuskokwim watu wanatafuna iqmik, yaani majani ya tumbaku yaliyochanganywa na majivu, na yale majivu ndio yanafanya nikotini iingie mwilini haraka zaidi. Huko katazo la moshi peke yake halitoshi.

Kuhusu moshi wenyewe, una kemikali zaidi ya 7,000 na karibu 70 zinajulikana kuleta kansa, na mwaka 2006 daktari mkuu wa serikali ya Marekani alitoa ripoti iliyosema wazi hakuna kiwango salama cha moshi wa mtu mwingine. Kufungua dirisha haisaidii vya kutosha, feni pia. Asiyevuta akikaa na moshi wa wenzake hatari ya ugonjwa wa moyo inapanda kwa asilimia 25 mpaka 30, na mvutaji mwenyewe ana hatari ya kisukari cha aina ya pili kwa asilimia 30 mpaka 40 zaidi ya asiyevuta, na kisukari ndio kinachowatesa sana hawa watu. Mgonjwa anakaa saa moja anaondoka, ila dada wa mapokezi na mfanya usafi wapo pale siku nzima kila siku. Na yale mabaki ya moshi yanayoganda kwenye nguo, nesi katoka brek kavuta halafu anainamia kichanga kukipima, harufu unayosikia ni kemikali hizohizo.

Kukataza kunawezekana. Hospitali ya Keams Canyon kule Arizona, iliyokuwa inahudumia Wahopi na Wanavajo, ilikataza sigara kabisa mwaka 1983, na Novemba 2021 taifa la Navajo likapitisha sheria ya "hewa ni uhai", sigara marufuku ndani ya sehemu za umma mpaka kwenye kasino zao, na matumizi ya ibada yakaachwa huru.

Ushauri wangu: kataza kiwanja kizima pamoja na paking na magari ya kliniki, na sigara za umeme zihesabiwe humohumo. Wengine wanaweka mita saba na nusu kutoka mlangoni, kama mwanzo sio mbaya, ila ile kona ya wavutaji inageuka kijiwe na aliyeacha juzi anarudi kwa sababu marafiki wako kule. Tangaza tarehe miezi kadhaa kabla, na muda huo anza na wafanyakazi wanaovuta, wapewe plasta na bigijii za nikotini au dawa za kuachia sigara kama varenicline, bila kuwasema vibaya, siku mbili tatu za mwanzo ndio ngumu zaidi. Mgonjwa anayelazwa apewe plasta siku hiyohiyo, la sivyo ataondoka kabla hajatibiwa.

Familia ikitaka kufukiza seji au mwerezi (majani yao ya ibada) kwa mgonjwa, tenga chumba, mwambie fundi wa jengo mapema king'ora kisilie, na kamwe isiwe karibu na oksijeni maana hapo ni moto.

Na yule utakayemkuta anavuta mlangoni kwenye baridi kali, pengine katoka kuambiwa mkewe ana kansa. Usimwendee na bango. Mwendee taratibu, msalimie, mwambie kiwanja chetu hakina sigara ila ndani kuna plasta na kuna mtu wa kuongea naye sasa hivi, tuongozane. Akikataa mpe namba ya simu ya msaada wa kuacha sigara, 1-800-QUIT-NOW, na kwenye majimbo kadhaa kuna programu ya wenyeji asilia ambapo anayepokea simu ni mwenyeji mwenzake, aulizie hiyo.