Meza kuu iondoke kwanza

Kila Julai nikifika ukumbini asubuhi ya kwanza nakuta wenyeji wameshanipangia. Viti vya plastiki vimekaa mistari, vyote vinatazama mbele, na huko mbele ipo meza kuu: kitambaa cha kung'aa, maua ya plastiki, chupa nne za maji ya kunywa. Kiti cha katikati ni changu. Nashukuru, nasalimia, kisha naomba vijana wawili wanisaidie kuitoa nje. Watu hucheka kidogo wakidhani natania. Ikishatoka, tunapanga viti duara, na hapo ndipo mafunzo yanaanza, ingawa wengi hawajui.

Ni mafunzo ya wiki mbili ya usuluhishi wa migogoro na ujenzi wa amani, hapa Mwanza. Wenzangu wa Ulaya huyaita shule ya kiangazi, maana kwao Julai shule zimefungwa na jua hatimaye limetoka. Jina limetufaa kwa bahati tu. Kwetu nako ni kiangazi, ila cha vumbi, nyasi zimekauka katikati ya miamba na jioni upepo wa ziwa unakulazimisha kutafuta sweta. Washiriki huwa thelathini hivi: watendaji wa kata, viongozi wa vile vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi ambavyo kila mtu mwaloni, yaani pale mitumbwi inaposhusha samaki, anaviita BMU, wachungaji, masheikh, wanafunzi wa vyuo, kiongozi wa kijiwe cha bodaboda, na akina mama wa dagaa.

Swali langu la kwanza ni fupi: umekuja kujifunza kufanya nini? Jibu la wengi nalijua kabla hawajafungua mdomo. "Kuamua migogoro, mwalimu."

Neno hilo limebeba mzigo mkubwa kuliko tunavyodhani. Watoto wakishikana mashati uwanjani, anayewaachanisha tunasema ameamua ugomvi. Hakimu akitoa hukumu, naye ameamua. Refa tunamwita mwamuzi. Kwa Kiswahili chetu, kuwatenganisha watu na kuwaambia nani ana haki ni kitenzi kimoja, na nadhani ndiyo sababu mtu mwema akiitwa kwenye ugomvi hufanya yote mawili kwa pumzi moja: anawaachanisha, halafu papo hapo anahukumu.

Kupatana ni neno la familia nyingine kabisa. Nenda soko la Mwaloni pale Kirumba, usikilize mnunuzi na mwenye magunia ya dagaa. Wanapatana bei. Huyu anataja yake, yule anaguna, anageuka kama anayeondoka, anaitwa arudi. Hakuna mtu wa tatu anayewatangazia bei. Kwenye matangazo ya viwanja na pikipiki tunaandika "maelewano yapo", na kila mtu anaelewa kwamba mlango uko wazi. Kwa hiyo ujuzi tunaoutafuta watu wetu wanao tangu utotoni. Tatizo ni kwamba ukimpa mtu huyohuyo cheo cha msuluhishi na kiti cha katikati, anausahau.

Siku ya pili tunafanya igizo la nyavu, na siku hiyo huwa haiishi mapema. Kisa nimekitunga mwenyewe, lakini mvuvi yeyote wa ziwa hili atakitambua. Nyavu za sangara hutegwa jioni, zinalala majini usiku kucha, zinatolewa alfajiri. Usiku huohuo, ikiwa ni kipindi cha giza, wavuvi wa dagaa nao wako ziwani na taa zao, zamani karabai, siku hizi balbu za betri na sola. Dagaa hufuata mwanga, na mwanga hauna nguvu mbele ya mbalamwezi, ndiyo maana mwezi ukijaa mitumbwi ya dagaa hupumzika. Sasa upepo unapiga, mtumbwi wa dagaa unasogea, unapita juu ya nyavu za sangara, zinanasa, mtu anatoa kisu anakata ili ajinasue. Asubuhi mwaloni pamechafuka, mapanga yametoka.

Nagawa vikaratasi. Mmoja ni mwenye nyavu, mwingine wa dagaa, watatu wanakuwa wasuluhishi. Mzunguko wa kwanza hauchukui hata robo saa. Wasuluhishi wanakohoa, wanauliza nani kakata, mtu wa dagaa anakiri au anakana, faini inatajwa, na mara nyingi linaongezwa agizo kwamba kila kundi libaki upande wake wa ziwa. Wanapeana mikono. Ukumbi unapiga makofi.

Kisha nawaomba wahusika wasome kwa sauti kile ambacho hawakuulizwa. Karatasi ya mwenye nyavu inasema nyavu si zake. Amekopeshwa na tajiri, na kila kipande kinachopotea kinaandikwa kwenye daftari la deni. Faini aliyopewa asubuhi ile haifikii robo ya daftari. Karatasi ya mtu wa dagaa inasema hakuziona nyavu, kwa sababu maboya ya nyavu hizo ni madumu yaliyochakaa, na usiku wa giza dumu huliona ukishaligonga. Hajui kesho atapitia wapi ili asizikate tena, na lile agizo la kubaki upande wake halimsaidii, kwa sababu upepo haukuwepo kwenye kikao.

Baada ya hapo narudisha igizo mwanzo, na sharti ni moja: msuluhishi haruhusiwi kutoa sentensi isiyoishia na alama ya kuuliza. Saa nzima. Wachungaji huteseka sana, nasema kwa upendo, kwa kuwa mmoja wao ni shemeji yangu. Lakini mambo yanayotoka humo yananishangaza hadi leo. Kundi moja lilifika kwenye taa ndogo za sola juu ya maboya, nusu ya gharama ilipwe na wa dagaa. Kundi jingine lilishauri tajiri aitwe, kwa kuwa bila yeye daftari halifungwi. Na mama mmoja wa dagaa kutoka Ukerewe, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, aliuliza: "Siku za mbalamwezi hawa hawaendi. Kwa nini yale maji wasigawane kwa mwezi, badala ya kugawana kwa mstari?" Yeye hesabu zake za biashara zote anazifanya kwa mwezi wa angani. Mimi nilikuwa nimefundisha kisa hicho miaka kadhaa na sijawahi kuliona hilo.

Wataalamu wana majina ya kitu hiki. Roger Fisher na William Ury, waliokuwa Harvard, walikieneza mwaka 1981: tofauti kati ya msimamo, yaani kile mtu anachokidai, na hitaji, yaani sababu inayomfanya akidai. "Waondoke kwenye maji yetu" ni msimamo. Deni la tajiri ni hitaji. Johan Galtung wa Norway, aliyefariki Februari 2024, alitupa jozi nyingine ambayo mimi huitumia zaidi kwa viongozi: amani hasi, ambayo ni kukosekana kwa mapigano tu, na amani chanya, ambapo yale yanayoleta mapigano yameshughulikiwa. Mwalo unaweza kuwa kimya wiki nzima kwa sababu doria imepita. Ukimya huo una thamani yake, siudharau, lakini usiwaandikie wafadhili kwamba umeleta amani.

Makosa haya nayafundisha kwa urahisi kwa kuwa niliyafanya. Miaka ya mwanzo ya kazi niliitwa kwa ndugu wawili waliogombea mpaka wa shamba karibu na ziwa. Nilisikiliza siku moja, nikapima kwa hatua, nikaamua kwamba mpaka upite kwenye mwembe. Wote wakakubali, nikachinjiwa kuku, nikaondoka najiona Suleimani. Mvua zilipokuja, mwembe ukakatwa usiku. Hadi leo hakuna anayesema ni nani aliyeukata, na ndugu wale hawazikani.

Somo la wiki ya pili ni juu ya nani hayupo, na hapo nawauliza washiriki wanakumbuka nini cha mwaka 1996. Mtu wa Mwanza hahitaji kufikiri: Mei 21, kuzama kwa meli ya MV Bukoba. Wengine bado wanataja majina ya waliowapoteza, na huwa tunakaa kimya kwanza. Wachache sana wanajua kwamba mwaka huohuo, Aprili na tena Juni, Mwalimu Nyerere aliwakutanisha hapahapa mjini wanasiasa wa Burundi, wa vyama vya UPRONA na FRODEBU, kutafuta njia ya kutoka kwenye vita vilivyolipuka baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993. Yale mazungumzo ya Mwanza hayakufika popote. Julai 25 jeshi likampindua Rais Sylvestre Ntibantunganya, Pierre Buyoya akarudi madarakani, na nchi jirani zikaiwekea Burundi vikwazo.

Mazungumzo yalianza upya Arusha Juni 1998, vyama vikaongezeka hadi pande 19. Nyerere alifariki Oktoba 14, 1999 kazi haijaisha, Nelson Mandela akaichukua, na mkataba ukasainiwa Agosti 28, 2000. Kalamu zilipowekwa chini, risasi hazikunyamaza. Makundi mawili yaliyokuwa na bunduki porini, CNDD-FDD na FNL, hayakuwa sehemu ya mkataba ule. La kwanza lilifikia makubaliano Novemba 2003, la pili Septemba 2006, yote Dar es Salaam. Wapo wanaohesabu hiyo kama kushindwa kwa Arusha. Mimi siafiki. Mkataba ule ulitoa mpangilio wa kugawana madaraka ambao yaliyofuata yalijengwa juu yake. Lakini nawaomba washiriki wahesabu miaka kati ya tarehe hizo, kisha warudi kwenye igizo letu la nyavu na kuweka viti vitupu kwa wote ambao hatukuwaita. Tajiri anapata kiti. Mama anayeanika dagaa mchangani, ambaye boti zikigoma yeye ndiye anayekosa usingizi, anapata kiti. Safari moja duara lilikuwa na viti vitupu vingi kuliko watu.

Kuhusu sheria sikawii sana, ila watendaji wa kata lazima walisikie hili. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021, baraza la kata haliamui tena mgogoro wa ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha, na siku 30 zikipita bila muafaka mlalamikaji anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kila mwaka kuna anayenibishia. Anauliza baraza lisiloamua lina kazi gani, na watu watalichukuliaje. Namjibu kwamba kwenye migogoro ya kazi tuna chombo kinachoitwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, maneno mawili yamewekwa kwa mpangilio huo: usuluhishi kwanza, nao umepewa siku 30, uamuzi baadaye, ukihitajika. Huwa hajaridhika. Sidhani ningeridhika kama ningekuwa nimekaa kiti kile miaka kumi.

Mwaka huu mbishi alikuwa mtendaji mmoja, baba wa makamo, sauti nzito. Siku ya tisa zamu ya kusuluhisha ilimwangukia. Nilimhesabia kwenye daftari: dakika hamsini, maswali kumi na mawili, hakuna sentensi nyingine. Mara mbili alifungua mdomo akaufunga. Mwishoni alifuta jasho akasema hiyo ni kazi ya kubeba mawe.

Siku ya vyeti nilichelewa kwa sababu ya foleni ya Nyegezi. Nilipoingia, viti vilikuwa mistari na meza kuu imerudi, kitambaa, maua, maji, maana mgeni rasmi alikuwa njiani. Kiti changu kilikuwa cha pili kutoka kulia. Yule mtendaji alikuwa amekaa nyuma kabisa karibu na mlango, na mama wa Ukerewe alikuwa anamwonyesha kitu kwenye simu. Ilikuwa kalenda ya mwezi.