Ndege Kiongozi Asali: Kila Jamii na Mwito Wake

Yupo ndege wa porini anayemtafuta binadamu ili waende pamoja kurina asali. Hafugwi, hafungwi kamba, wala hakuna aliyemfundisha. Jina lake ni kiongozi asali. Ni mdogo, wa rangi ya kijivu na kahawia, urefu wa kama sentimita 20. Dume ana koo jeusi.

Akikuona hutua tawi la karibu na kulia mfululizo, mlio kama wa kiberiti kinachotikiswa. Ukimsogelea huruka hadi mti wa mbele, manyoya meupe ya mkiani yakionekana wazi, kisha anakusubiri. Mkifika penye nyuki hubadilisha mlio, halafu hunyamaza na kukaa hapo hapo. Kazi iliyobaki ni yako. Yeye anajua nyuki walipo, lakini hawezi kupasua gogo wala kukabili kundi zima la nyuki. Mtu ana shoka na moto. Mtu huchukua asali, ndege hula nta na majana, yaani watoto wa nyuki. Tumbo lake linaweza kumeng'enya nta, uwezo ambao wanyama wachache sana wanao.

Mmisionari Mreno João dos Santos, aliyeishi Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, mwishoni mwa karne ya 16, aliandika habari za ndege aliyeingia kanisani kudonoa mishumaa ya nta. Wenyeji, bila shaka, walikuwa wakimjua zamani sana kabla ya hapo.

Linalonivutia zaidi ni namna kila jamii inavyomwita. Waborana wa kaskazini mwa Kenya hupuliza ngumi zilizofumbatwa, gamba la konokono au kokwa la mkoma lililotobolewa, na sauti hiyo husikika zaidi ya kilomita moja. Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi hupiga mluzi wenye mahadhi yake. Wayao wa Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma ukitokea Tunduru, hutoa mkoromo wa ulimi unaomalizikia kwa mguno: "brrr-hm".

Hizi si mbwembwe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa huko Niassa mrina asali anayetoa mwito huo huongozwa na ndege karibu mara 66 katika 100, ilhali sauti nyingine zilimpatia mara 33 tu. Mwaka 2023 watafiti walikwenda mbali zaidi. Walicheza mluzi wa Wahadzabe kule Niassa, na mwito wa Wayao kule Tanzania. Ndege wa kila mahali waliitikia mwito wa wenyeji wao zaidi kuliko ule wa wageni. Maana yake ni kwamba ndege naye hujifunza desturi ya mahali. Wala hawezi kuwa amefunzwa na mama yake, kwa sababu kiongozi asali hutaga katika viota vya ndege wengine na makinda yake hulelewa na wasiomhusu. Anajifunza kwa kusikia watu na kuona ni nani humfikisha kwenye nta.

Hata malipo hutofautiana. Wayao humwekea ndege nta juu ya majani mabichi, hadharani. Wahadzabe mara nyingi huyafukia au kuyachoma masega yaliyobaki, ili ndege abaki na njaa na aendelee kuongoza. Msomaji asiwaone wachoyo: hata hivyo ndege wa Eyasi hawajaacha kuwaongoza.

Kwa mtazamo wangu, hapa ndipo uhifadhi wetu una pengo. Ndege huyu bado yupo sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, lakini mahali pengi hana tena mtu wa kumwongoza. Sukari ya dukani imeingia, mizinga ya kisasa imeenea, na katika hifadhi nyingi za taifa mrina asali akikamatwa huhesabiwa mhalifu. Ni kweli wapo wanaokata miti au kuacha moto ukiwaka, na hilo lidhibitiwe. Lakini tukimfukuza mrina asali moja kwa moja tunabaki na ndege bila ule uhusiano, na mwito usiosikika porini ndege kijana hana pa kuujifunzia. Niassa ni hifadhi, na watu wanaishi ndani yake wakirina asali hadi leo.

Kama kijijini kwenu yupo mzee ambaye bado humwita ndege huyu, mwombe ruhusa umrekodi kwa simu. Muulize alifundishwa na nani, mwito huo huishia kijiji gani, na ndege hulipwa nini. Nenda naye porini ukiweza, na mtoto mmoja wa pale awe pamoja nanyi.