Ampea si spidi, jamani

Wiki iliyopita kaja mwingine. Meneja wa hoteli ya ufukweni, boksi la kontrola ya kigari cha umeme cha kubebea wageni mkononi, uso umejaa bashasha. "Fundi, hii ni ya ampea mia nne. Ile yangu ya zamani ni mia mbili hamsini tu. Nifungie, wageni waone mbio." Huyu ni wa tano mwaka huu. Nimechoka kueleza kwa mdomo huku nimeinamia betri, jasho linadondokea teminali. Naandika mara moja, atakayefuata nitamtumia kiungo.

Kontrola, kile kifaa kinachogawa umeme wa betri kwenda kwenye mota, haisukumi ampea, yaani kiasi cha mkondo. Ile namba kubwa kwenye ganda lake ni kikomo tu: mota ikitaka zaidi ya hapo hainyweshwi, ikitaka kidogo inapewa kidogo. Nikifunga klampu mita, kipimo cha mkondo kinachobana waya, kwenye waya wa betri wa kigari cha volti 48, watu wawili juu, lami tambarare, mguu umekanyaga hadi chini, vingi vya hapa kwetu husoma ampea kati ya 50 na 70. Mtu anayeshiba sahani moja ya pilau, umwekee hata sinia, atakula sahani moja.

Spidi ya tambarare inatokana na volti, aina ya mota, gia za ekseli na ukubwa wa tairi. Mota inapozunguka inazalisha volti zake zinazopinga za betri. Zikikaribiana, mkondo unanywea na spidi inakomea hapo. Hilo sirudii.

Ampea kazi yake ni kuondoka na kupanda. Kwenye mota ya siriesi mkondo uleule unapita kwenye fildi (koili zilizotulia) na kwenye amecha (sehemu inayozunguka), kwa hiyo nguvu ya kuzungusha inakua haraka kuliko mkondo wenyewe, hadi chuma kishibe usumaku. Vitabuni mchoro wake ni msafi kweli. Mota niliyonayo mezani imeshasukwa upya mara mbili na watu nisiowajua, basi mimi simwahidi mteja hesabu ya kitabu. Namwambia kilima utakihisi, basi.

Sasa hapa ndipo wananipandisha presha, na baadhi yao ni mafundi wenzangu. Wanasema: "Ukiweka ya 400, betri zitatoa ampea 400, zitakwisha njiani." Ndugu yangu, ampea za mota na ampea za betri si kitu kimoja! Kontrola inakata na kuunganisha umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Kigari kinapoanza kupanda polepole, mota inaweza kuwa inapata wastani wa volti 12 kwa ampea 400. Zidisha: wati 4,800. Betri za volti 48 zinatoa wati hizohizo kwa ampea 100, na kidogo cha ziada kinachopotea njiani kama joto. Kwa hiyo mita iliyo upande wa betri inasoma 100, wakati huohuo waya wa mota umebeba 400 na unachemka. Nimewahi kubishana na mtu jioni nzima, kila mmoja ana klampu mita yake, kila mmoja anasoma sawa. Tulikuwa tumeshika waya tofauti.

Halafu ile namba yenyewe ni ya dakika ngapi? Hakuna anayeuliza. Kontrola ya Curtis 1204 ya ampea 275 inabeba hizo 275 kwa dakika mbili. Ukitaka ifanye kazi saa nzima, ni 125. Kuna kontrola zinauzwa kwa namba kubwa ya sekunde chache tu, na boksi halikwambii.

Niseme na upande wa pili, maana kuna mteja niliwahi kumwita mwongo, na mwongo alikuwa mimi. Aliapa kwamba kigari kimeongeza spidi tambarare baada ya kubadilisha kontrola. Mota yake ilikuwa ya shanti, ambayo fildi yake inaendeshwa peke yake na kontrola. Ukiipunguzia fildi mkondo, mota inazunguka kasi zaidi ingawa nguvu inapungua. Kontrola mpya ilikuwa imepangwa hivyo. Spidi aliipata kweli, ila ilitoka kwenye programu, si kwenye ampea. Na mlimani mwenye kontrola kubwa atampita mwenzake, kwa sababu ile ndogo ikifika kikomo inapunguza volti na kigari kinatambaa. Kwa hiyo wanaosema "ampea ni spidi" wana nusu ya ukweli, nusu inayopatikana kwenye kilima.

Gharama yake? Kutoka 250 hadi 400 mkondo umeongezeka mara 1.6, lakini joto kwenye waya limeongezeka zaidi ya mara mbili na nusu. Waya wa kiwandani wa milimita 13 za mraba natoa, naweka 35. Solenoidi, ile swichi kubwa ya umeme wa betri, nayo ibadilishwe, na teminali zisuguliwe, maana chumvi ya huku Pwani inazila kimyakimya. Na tafadhali, kigari kikizama kwenye mchanga, mwambie dereva aondoe mguu. Mota iliyosimama inalishwa ampea zote hizo mahali pamoja, kaboni zinazopeleka umeme kwenye amecha zinachoma shaba yake palepale zilipogusa. Punda afe mzigo ufike, ila hapa hata mzigo haufiki. Nikiulizwa mota itavumilia sekunde ngapi, jibu langu linatoka puani: ukisikia harufu, umeshachelewa.

Turudi kwa meneja. Kabla ya kufungua boksi nilimwomba apande kigari chake twende. Betri sita za volti 8. Kwenye tambarare, tano zilikaa juu ya volti 7.5, ile ya nne kwenye mstari ikashuka hadi 5. Tairi za nyuma zilikuwa laini kama maandazi. Nimebadilisha betri moja, nikijua mpya kati ya wazee haitadumu sana, na nimemwambia hivyo. Nimejaza upepo. Spidi yake imerudi.

Boksi lake bado liko juu ya kabati langu. Kutoka ufukweni hadi mapokezi kwao kuna mwinuko wa mawe ya matumbawe, na wageni wanne na mizigo huwa wanashuka kusukuma. Akija na pesa ya waya na solenoidi, nitamfungia.