Kufifia siyo kuchakaa: shaba za Marekani za kabla ya 1792

Jamani hili suala limenichosha. Mtu anakuletea sarafu ya shaba ya jimbo la Connecticut ya 1787, tarehe haisomeki vizuri, hata lenzi hajashika anakwambia "hii imekwisha, ni Good tu", yaani gredi ya chini ya ubora. Kesho anakuja mwingine na yake imelika kweli kweli mpaka shavu limekuwa bapa, anataka bei ya VF (Very Fine, gredi ya juu zaidi) kwa sababu kasikia eti za Connecticut zote ziko hivyo.

Kwa hiyo tuliweke sawa. Pasipo na mchoro siyo lazima pamechakaa, na kwa shaba za 1785 mpaka 1788 hilo ndilo la kwanza kujua. Kiwanda cha serikali cha Philadelphia kilianzishwa 1792, hizi za kabla yake nyingi ziligongwa na watu binafsi waliopewa kibali na majimbo, wengine hata kibali hawakuwa nacho, shaba yenyewe ina nyufa na maganda, chapa (vile vyuma vya kugongea mchoro) zinatumika mpaka zinapasuka. Sasa mahali ambapo shaba haikujaa kwenye chapa hapajawahi kuwa na mchoro tangu siku ya kwanza, utaishusha gredi kwa lipi?

Chukua Vermont ya 1787 yenye BRITANNIA nyuma, ambayo kwenye orodha ya aina za Vermont ni Ryder 13. Mbele unaweza ukakuta kichwa kimesimama, VERMON AUCTORI unaisoma bila shida, ukigeuza yule mama aliyeketi hana sura na herufi zinapotea. Nyuma pale walitumia chapa ya nusupeni za kuiga za Uingereza, na ziko hivyo hata zile nzuri kabisa. Ukiipa gredi kwa nyuma umemdhulumu mwenye mali.

Kutofautisha siyo uchawi. Palipochakaa ni laini, panateleza, mng'ao wake ni tofauti na pembeni, na huanzia palipoinuka: shavu, nywele, bega. Pasipogongwa vizuri bado pana ukavu wa shaba ghafi, utaona mikwaruzo na vitundu vya kile kipande kabla hakijaingia kwenye mashine. Halafu geuza, kama mahali hapohapo upande wa pili napo pamefifia basi shaba ilikuwa nyembamba pale. Na taa iwe ubavuni, siyo juu, uzungushe sarafu polepole. Mimi picha iliyopigwa na taa ya juu siipi gredi hata unibembeleze vipi.

Mengine haraka haraka. Kusafisha: usisafishe, basi. Shaba ikisuguliwa inakuwa pinki na ile kahawia ya miaka 200 huirudishi kwa dawa yoyote. Watu wa EAC (chama cha wakusanyaji wa shaba za zamani za Marekani) wanatoa kwanza gredi ya ukali wa mchoro ndiyo wanashusha kwa kasoro, mfano mchoro ni VF30 lakini uso umeliwa na udongo, neti, yaani gredi ya mwisho, inakuwa F12 (Fine), na bei utakayolipwa ni ya F12.

Utasikia: "Namba ya kwenye slabu (lile kasha la plastiki lenye gredi) ndiyo bei." Hapana. Ile skeli ya gredi ya 1 hadi 70 aliitoa Sheldon, mtaalamu wa senti za zamani, 1949 kwa ajili ya senti kubwa za Marekani za 1793 hadi 1814, siyo hizi. Connecticut peke yake ina aina zaidi ya 300 kwa namba za Miller (orodha ya aina zake), mbili zenye gredi moja zinaweza kupishana bei mbali sana, kwa hiyo jua aina kwanza ndipo uniulize bei. Fugio ya 1787 (senti ya shaba ya serikali kuu) ambayo haijatumika utaipata maana kuna akiba ilitunzwa Bank of New York, lakini Connecticut ya hali ile ni adimu kweli, usizilinganishe.

Au: "Kuna herufi nyingine chini ya farasi, imeharibika." Hiyo ni New Jersey iliyogongwa juu ya sarafu nyingine, aina ya Maris 56-n, ile ambayo farasi wake huitwa "kichwa cha ngamia", mara nyingi iko hivyo, na wakusanyaji wanazitafuta, usiiuze kama chakavu.

Uzito nao: sheria ya Connecticut ilisema greni 144, yaani gramu 9.33 hivi, lakini sarafu halali kibao ni nyepesi kuliko hapo, kwa hiyo mizani peke yake haikwambii ni feki. Angalia ukingo, ukikuta mstari wa kalibu unazunguka sarafu nzima, hiyo imemiminwa, haijagongwa, usitoe hela.