Treni ya mjini Dar: yanayosemwa na hali halisi

"SGR imeshakuja, foleni za Dar zitapungua."
Treni ya umeme ya SGR, reli mpya ya kisasa, iliyoanza safari za Morogoro Juni 2024, na za Dodoma mwezi uliofuata, ni treni ya mikoani. Ukishatoka stesheni ya Dar es Salaam unakutana na Pugu, halafu Soga, na hapo umeshaingia mkoa wa Pwani. Mkazi wa Tabata anaiona ikipita tu. Anayewahi kazini anataka treni inayosimama karibu na kwake, na isimame mara nyingi. SGR ikifanya hivyo, kasi yake itakuwa ya nini?

"Reli za zamani zipo, waongeze mabehewa tu."
Hoja hii ina ukweli ndani yake, ndiyo maana haifi. Oktoba 2012, Harrison Mwakyembe akiwa Waziri wa Uchukuzi, treni za mjini zilianza kwenye reli hizohizo za zamani: moja kwenye Reli ya Kati, Stesheni hadi Ubungo Maziwa, nyingine kwenye TAZARA, reli ya kwenda Zambia, hadi Mwakanga. Watu wakaziita "treni ya Mwakyembe", na zikajaa.

Lakini reli hizo ni za njia moja. Treni mbili zinazokuja uso kwa uso hupishana pale tu penye njia ya pembeni. Tuseme kutoka kituo kimoja cha kupishana hadi kingine ni mwendo wa dakika 15: huwezi kupitisha zaidi ya treni moja kila nusu saa kwa kila upande, na hapo hakuna iliyochelewa wala ya mizigo iliyoomba njia. Ukiongeza mabehewa, treni inarefuka, ila aliyeikosa bado anasubiri nusu saa. Hasubiri, anapanda bodaboda. Kwa maoni yangu, shilingi ya kwanza iende kwenye sehemu za kupishana na ishara za kuongozea treni, mabehewa yafuate.

"Waunganishe reli zote ziwe mtandao mmoja."
Reli ya Kati ina upana wa milimita 1,000, TAZARA 1,067, SGR 1,435. Treni ya reli moja haiwezi kupita kwenye nyingine. Wanaoweza kuunganishwa ni abiria, kwa tiketi moja na ratiba zinazongojana. Hilo halihitaji tingatinga.

"Lazima nauli ilipe gharama zote."
Barabara ya lami hailipiwi nauli, na hakuna anayeiita hasara.

"Mji ukue kwanza, reli itafuata."
Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 4.36 Dar es Salaam. Ya 2022, milioni 5.38. Mbagala imejaa na haina treni ya abiria, Bunju vilevile. Kupitisha reli huko leo ni kulipa fidia nyumba kwa nyumba. Kule pembezoni ambako viwanja ndiyo kwanza vinapimwa, ukanda wa reli unaweza kuchorwa kwenye ramani kabla hati hazijatolewa.