Dreamweaver haiongei na MySQL: kutafuta hitilafu ya kanzidata kwenye tovuti za zamani

Mwezi uliopita mwalimu mmoja wa sekondari alinipigia simu kabla ya saa mbili asubuhi. "Fundi, tovuti yetu imekuwa nyeupe." Nikamuuliza, nyeupe vipi, Mwalimu? "Nyeupe tu. Hakuna maandishi, hakuna picha. Na wazazi wanasubiri matokeo ya muhula." Usiku ule kampuni inayowahifadhia tovuti ilikuwa imewahamisha wateja wake kwenda toleo jipya la PHP, lugha inayoendesha kurasa za tovuti upande wa seva. Taarifa ilitumwa, lakini kwa anuani ya fundi aliyeijenga tovuti hiyo mwaka 2009 kwa Dreamweaver CS4, programu ya kutengenezea tovuti, na huyo alishaacha kazi hii siku nyingi.

Simu za namna hii bado zinanifikia mara kwa mara. Tovuti zenyewe ni za zamani, lakini ndani yake mna majina ya watoto, ada zilizolipwa, matangazo ya wanachama. Mwenyewe hana habari na matoleo ya PHP. Anataka data yake. Kwa hiyo leo naeleza jinsi ninavyoitafuta hitilafu ya kanzidata katika tovuti zilizotengenezwa kwa Dreamweaver. Nilichelewa sana kuielewa njia hii, na ningeijua mapema ingeniepusha na mikesha mingi.

Jambo la kwanza, na karibu yote mengine yanatoka humo: Dreamweaver haiongei na MySQL, programu inayotunza kanzidata. Haijawahi. Ukibofya kitufe cha kupima muunganisho, programu inaandika folda iitwayo `_mmServerScripts` ndani ya folda ya seva yako ya majaribio, na ndani yake faili `MMHTTPDB.php`. Kisha inaiita faili hiyo kwa HTTP, vilevile kama kivinjari kinavyoita ukurasa wowote. PHP ndiyo inayokwenda kwa MySQL, inauliza majedwali yapo gani na yana safu zipi, halafu inarudisha jibu kwa XML, maandishi yaliyopangwa ili programu iyasome. Dreamweaver inachora tu kwenye paneli kile ilicholetewa.

Ni kama bibi anayemtuma mjukuu dukani. Sukari isipofika, huenda duka limefungwa, huenda fedha hazikutosha, huenda mjukuu ameishia njiani kwenye mpira. Bibi aliyekaa barazani anachojua ni kimoja: sukari haijafika. Ndiyo maana ujumbe uliowatesa wengi, "An unidentified error has occurred", hausaidii kitu. Ni bibi anasema sukari haijafika. Inabidi uinuke uifuate njia mwenyewe.

Anza na kivinjari. Andika anuani kamili ya faili ile, kwa mfano `http://localhost/shule/_mmServerScripts/MMHTTPDB.php`. Ukipata 404, yaani ukurasa haupatikani, usiguse nywila wala MySQL, kwa sababu safari haijafika huko. Mara nyingi kosa liko kwenye mipangilio ya seva ya majaribio: folda umeiweka sawasawa, `C:\xampp\htdocs\shule`, lakini kwenye kisanduku cha anuani umeacha `http://localhost/` bila `shule/`. Dreamweaver inaiweka faili mahali pamoja na kwenda kuitafuta mahali pengine. Kosa pacha ni la poti, namba ya mlango ambao seva husikilizia. Kama programu nyingine ilikuwa imeshikilia poti 80 ukaihamishia Apache, programu ya seva ya tovuti, kwenye 8080, basi anuani nayo lazima isome `localhost:8080`. Na kama kivinjari kinakuonyesha msimbo wenyewe wa PHP, au kinataka kuupakua, PHP haifanyi kazi kwenye seva hiyo. Ukipata ukurasa mtupu au XML fupi bila kosa, njia ni nzima mpaka hapo, na tatizo liko mbele.

Nikiwa hapo hapo kwenye folda hiyo, naomba kila anayesoma akaangalie seva yake ya mtandaoni leo, asingoje kesho. Kazi ya `_mmServerScripts` ni kujibu maswali kuhusu kanzidata kwa anayeuliza kupitia HTTP. Kwenye kompyuta yako haina ubaya. Kwenye seva iliyo wazi kwa dunia nzima ni dirisha lisilo na nondo. Matoleo ya zamani ya Dreamweaver yana amri ya kuondoa skripti hizo kwenye menyu ya tovuti, lakini ilikuwa rahisi kuisahau. Kwenye seva ya shule ile niliikuta bado imekaa tangu 2009. Niliifuta kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Sasa hatua ya kutoka PHP kwenda MySQL. Hapa naiweka Dreamweaver kando kabisa na kuandika faili ndogo ya kupimia:

```
<?php
mysqli_report(MYSQLI_REPORT_OFF);
$kiungo = mysqli_connect('localhost', 'mtumiaji', 'nywila', 'shule');
echo mysqli_connect_errno();
```

Mstari wa kwanza upo kwa sababu tangu PHP 8.1 mysqli, njia mpya ya PHP ya kuongea na MySQL, husimamisha ukurasa mzima kosa linapotokea, nami nataka inipe namba tu. Ikija 0, umeunganika. Ikija nyingine, namba hiyo ni dalili iliyo wazi kuliko sentensi yoyote ya Dreamweaver. Namba 2002 maana yake hujaufikia mlango wa MySQL: huduma haijawashwa, au jina la seva si lenyewe. Jaribu kubadilisha `localhost` kuwa `127.0.0.1`. Kwenye Linux majina haya mawili si kitu kimoja machoni pa MySQL: la kwanza linapita kwenye soketi, faili iliyo ndani ya mashine, na la pili linapita kwenye mtandao kwa poti 3306. Namba 1045 ni mlango umeufikia, lakini jina au nywila imekataliwa. Namba 1049 ni kwamba kanzidata yenye jina hilo haipo.

Namba 1044 ndiyo inayowakwamisha wengi waliohamia kwenye seva za kukodi zenye cPanel, paneli ya kuzisimamia kwa kivinjari. Hapo mtumiaji yupo, nywila ni sahihi, lakini hajapewa ruhusa juu ya kanzidata ile. Kwenye cPanel kuna hatua tatu: kuunda kanzidata, kuunda mtumiaji, na kumuunganisha mtumiaji na kanzidata. Ya tatu husahaulika. Kumbuka pia kwamba cPanel kwa kawaida hubandika jina la akaunti mbele, kwa hiyo `shule` yako ya nyumbani kule huenda ni `akaunti_shule`, na mtumiaji vivyo hivyo.

Muunganisho ukishakubali halafu ukurasa ukalalamika kwa 1146, kwamba jedwali halipo ilhali unaliona kwa macho yako, tazama herufi kubwa na ndogo. Kwenye Windows, `Wanafunzi` na `wanafunzi` ni jedwali moja. Kwenye seva ya Linux kwa kawaida ni mawili. Tovuti inafanya kazi miezi sita kwenye kompyuta ya ofisini, siku ya kuipandisha mtandaoni inakufa.

Turudi kwa Mwalimu. Ukurasa mweupe kabisa ni PHP iliyokufa huku imezuiwa kuonyesha makosa kwa wageni. Kosa lenyewe lilikuwa limeandikwa kwenye faili ya `error_log` ndani ya folda ile ile: fanksheni `mysql_pconnect()` haijulikani.

Kisa chake ni hiki. Vipengele vya kanzidata viliingia rasmi ndani ya Dreamweaver mwaka 2002, Macromedia ilipotoa Dreamweaver MX na kuimeza UltraDev iliyokuwa ikifanya kazi hiyo peke yake. Adobe ikainunua Macromedia mwaka 2005 na kuendelea navyo. Msimbo wote wa PHP uliokuwa ukiandikwa na paneli zile ulitumia familia ya zamani ya fanksheni zinazoanza na `mysql_`. Juni 2013 mambo mawili yakatokea ndani ya mwezi mmoja: Adobe ikatoa Dreamweaver CC ambayo paneli hizo hazimo tena, na PHP 5.5 ikatangaza kwamba familia ile ya `mysql_` itaondolewa. Desemba 2015 PHP 7.0 ikaiondoa kweli. Tangu hapo kila tovuti ya namna ile inaishi kwa huruma ya seva yenye PHP ya zamani, na siku seva inapoboreshwa, ukurasa unakuwa mweupe.

Je, niirudishe PHP nyuma? Nilifanya hivyo, kwa siku tatu tu, ili wazazi waone matokeo. Zaidi ya hapo sikubali. PHP 5.6 iliacha kupata marekebisho ya usalama mwisho wa 2018, na siwezi kuweka majina ya watoto wa watu juu ya sakafu iliyooza.

Kwa hiyo nilibadilisha msimbo kwenda mysqli. Hapa ndipo ninapotaka usome taratibu, maana kuongeza herufi `i` kila mahali hakutoshi. Kwanza mpangilio umegeuka. Zamani ilikuwa `mysql_query($swali, $kiungo)`. Sasa ni `mysqli_query($kiungo, $swali)`. `mysql_select_db` nayo vivyo hivyo. Pili, `mysqli_pconnect` haipo kabisa. Tumia `mysqli_connect` ya kawaida. Tatu, na hili lilinipotezea mchana mzima mara ya kwanza nilipokutana nalo, ni fanksheni iitwayo `GetSQLValueString`, ambayo Dreamweaver iliibandika juu ya kila ukurasa wenye kutafuta au kuhifadhi data. Kazi yake ni kuisafisha data kabla haijaingia kwenye SQL, lugha ya kuuliza kanzidata. Toleo la zamani la usafishaji halikulazimika kupewa kiungo cha kanzidata. Toleo la mysqli linakidai, kama kitu cha kwanza. Lakini kiungo chako kiko nje ya fanksheni, na PHP hairuhusu fanksheni kuona kigeu cha nje bila kuambiwa. Ukiandika `mysqli_real_escape_string($kiungo, $theValue)` ukaishia hapo, kwenye PHP 8 ukurasa unakufa, na kwenye PHP 7 unapata onyo na thamani tupu. Fomu inahifadhi rekodi isiyo na kitu, na kosa halionekani. Ongeza `global $kiungo;` kwenye mstari wa kwanza wa fanksheni. Kama una muda, andika upya kwa maswali yaliyoandaliwa (prepared statements), ambapo data na SQL hazichanganyiki hata kidogo. Kurasa za kuingiza matokeo niliziandika upya hivyo. Zile za kusoma matangazo nilizirekebisha tu.

Tovuti ikafunguka. Nikampigia Mwalimu, akashukuru, kisha baada ya nusu saa akapiga tena. "Fundi, majina yameharibika." Kwenye orodha ya kidato cha tatu, kila jina lenye ng' lilikuwa na takataka katikati: Ngâ€™ mwanzoni, halafu sehemu iliyobaki.

Sisi tunaoandika Kiswahili tuna deni la pekee kwa alama hii ndogo. Anayeandika kwa Word hupata alama iliyopinda, ’, badala ya iliyonyooka. Katika UTF-8, mfumo wa sasa wa kuhifadhi herufi, alama iliyopinda ni baiti tatu. Faili ya muunganisho ya Dreamweaver haikutaja kokote aina ya herufi, kwa hiyo kwa miaka yote muunganisho ulikuwa wa latin1, mfumo wa zamani ambapo kila baiti ni herufi moja: MySQL ilipokea baiti tatu ikidhani ni herufi tatu, ikazihifadhi, na ikazirudisha zilivyo. Kivinjari kikazisoma kama UTF-8, na kila kitu kikaonekana salama. Makosa mawili yalikuwa yakifutana. Nilipoweka `mysqli_set_charset($kiungo, 'utf8mb4')`, yaani UTF-8 kamili ya MySQL, ambayo ndiyo sahihi, nikaondoa kosa moja, na lile lingine likajitokeza.

Usiiondoe `set_charset` ili kuficha tatizo. Chukua nakala rudufu ya kanzidata kwanza, kisha rekebisha data yenyewe:

```
UPDATE wanafunzi SET jina =
CONVERT(CAST(CONVERT(jina USING latin1) AS BINARY) USING utf8mb4)
WHERE jina LIKE '%â€%';
```

Mstari wa mwisho usiuache. Bila huo utayapitia na majina yaliyo mazima, na yale yaliyohifadhiwa sawasawa baada ya marekebisho yataharibika upya. Hakikisha pia kwamba safu yenyewe ni ya utf8mb4.

Baada ya hapo nikaongeza mstari mmoja kwenye ukurasa wa kuhifadhi, unaoigeuza kila alama iliyopinda kuwa iliyonyooka. La sivyo mzazi angeandika Ng'ang'a kwa simu yake kwenye kisanduku cha kutafutia, kanzidata ikawa na Ng’ang’a, na mtoto asingeonekana ilhali yumo.

Mwalimu aliifungua orodha tukiwa bado kwenye simu. Akayasoma majina yote ya kidato cha tatu kwa sauti, moja baada ya jingine, nami nikiyafuata kwenye kioo changu mpaka la mwisho.